Kesi zinaonyesha ugomvi, hazionyeshi hasara

Ungesoma kesi za kazi za Tanzania bila kusoma kitu kingine, ungeamini kwamba balaa pekee linalompata mfanyakazi wa nchi hii ni kufukuzwa. Fungua TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ingia kwenye maamuzi ya Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu, chagua mwaka wowote. Huyu aliachishwa bila kuitwa kwenye kikao cha nidhamu. Yule aliitwa lakini hakupewa muda wa kujiandaa. Wa tatu alichelewa kupeleka shauri lake na sasa anaomba kuongezewa muda. Wakati naandika tasnifu yangu ya uzamili nilizisoma hizi mpaka kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini nikawa nakisikia usingizini: sababu halali, utaratibu wa haki, sababu halali, utaratibu wa haki.

Silaumu kesi, na simlaumu aliyefungua kesi. Zipo nyingi kwa sababu inayoeleweka. Sheria ile, namba 6 ya mwaka 2004, ilianza kutumika mwishoni mwa 2006 na ikaja na mambo mawili makubwa kwa mpigo: ilimlazimu mwajiri athibitishe kwamba alikuwa na sababu ya kumwachisha mtu kazi, na ilimpa aliyeachishwa isivyo halali fidia isiyopungua mishahara ya miezi kumi na miwili. Sheria pacha yake, namba 7 ya mwaka huohuo, ikaunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo kila mtu anaiita CMA, kwa mfano wa tume ya Afrika Kusini. Kanuni za 2007 zikaweka muda: siku 30 kwa anayelalamikia kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Penye fidia ya miezi kumi na miwili, wakili hakosekani. Penye wakili pana rufaa, na penye rufaa pana hukumu iliyochapishwa. Mtafiti naye anakuja nyuma yao na daftari lake, anaokota kilichoanguka.

Ndiyo maana tasnifu zetu zinafanana. Ukipita kwenye rafu za vyuo vyetu vya sheria utakuta kuachishwa kazi kumechunguzwa kutoka mbele, nyuma na ubavuni. Hifadhi ya jamii ina rafu yake, fupi zaidi, imejaa maelezo ya mifuko: lini ilianzishwa, kwa sheria gani, inatoa mafao gani. Hizo rafu mbili hazisalimiani. Na mfanyakazi anakutana nazo zote mbili kila mwisho wa mwezi, kwenye karatasi moja tu, slipu yake ya mshahara.

Tuanze na mstari mmoja wa slipu hiyo, ule wa makato.

Kwa mwanachama wa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri ana ruhusa ya kumkata mfanyakazi nusu yake, asilimia 10, na nusu nyingine anatoa mwenyewe. Zote mbili anatakiwa azipeleke kwenye mfuko ndani ya mwezi unaofuata, na akichelewa sheria inamwongezea adhabu. Kwenye kitabu hakuna mahali pa kujikwaa. Mjini kuna mambo mengine. Wakati wa utafiti nilizungumza na mlinzi wa usiku, mtu mzima, mwenye miaka mingi kwenye kampuni moja ya ulinzi. Slipu zake alizitunza kwenye mfuko wa nailoni, zimepangwa kwa miezi kuliko faili zangu mimi. Kila slipu ina makato. Siku mwanawe alipomwangalizia michango kwa simu, wakakuta imekwenda miezi ya mwanzo, kisha kimya, kisha miezi michache tena, kisha kimya kirefu.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "hizi walizonikata zilikwenda wapi?"

Nilikuwa na vifungu vya kumsomea lakini jibu sikuwa nalo. Angalia anavyokaa katikati. Mchango ambao haukupelekwa, kwa macho ya sheria ya hifadhi ya jamii, ni deni ambalo mwajiri anadaiwa na mfuko. Mwenye kudai ni mfuko. Mzee huyu, aliyekatwa jasho lake, ni kama mtazamaji wa deni la watu wengine wawili. Akienda upande wa sheria ya kazi, makato yasiyo halali ni mgogoro wa kazi na anaweza kuupeleka. Lakini ni mgogoro wa zile siku 60, na yeye amegundua leo jambo lililoanza miaka iliyopita. Ataomba kuongezewa muda, atatakiwa aeleze sababu za kila siku aliyochelewa, na juu ya yote bado ni mwajiriwa wa kampuni hiyohiyo. Ofisi moja ilimwambia aanzie kwa mwajiri. Mwajiri akamwambia suala linashughulikiwa makao makuu. Ofisi ya pili ikamrudisha ya kwanza.

Hakufungua shauri. Kwa hiyo kwenye hazina ya kesi hayupo, wala hatakuwepo. Nikihesabu kesi, yeye ni sifuri.

Kesi ni alama kwamba watu wawili waligombana na mmoja wao alikuwa na kitu cha kupata, au hakuwa tena na kitu cha kupoteza. Aliyefukuzwa hana cha kupoteza kwa mwajiri. Aliye kazini anacho. Ukiitazama sheria ya kazi kupitia kesi, unaitazama kupitia macho ya watu ambao hawamo tena kazini, na zile hasara zinazotokea kimyakimya wakati mtu bado anasaini daftari la mahudhurio kila asubuhi hazikufikii. Nyingi kati ya hizo zinakuja kujulikana siku ya kustaafu, pale ambapo kampuni ilishabadilisha jina au ilishafungwa.

Mfano mwingine ni wa wazi kabisa, uliojadiliwa nchi nzima, na bado naamini wengi wetu tuliosoma sheria tuliusoma vibaya. Kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu.

Historia yake kwa ufupi. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Kanuni mpya za mwaka huo zikaleta mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa mara moja unapostaafu, wa asilimia 25. Watumishi wakapaza sauti, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli, akiwa amekutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko, akaamuru hesabu za zamani zirudi hadi 2023. Julai 2022 kikaja kikokotoo kimoja kwa mifuko yote, mkupuo wa asilimia 33. Mwaka 2024, kwenye bajeti, waliokuwa na asilimia 50 zamani wakapandishwa kutoka 33 hadi 40, na waliokuwa na 25 wakafikishwa 35.

Umeona? Mjadala mzima ni asilimia. Hamsini, ishirini na tano, thelathini na tatu, arobaini. Kwenye daladala asilimia, bungeni asilimia, Mei Mosi asilimia.

Sasa shika kalamu. Mwalimu amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wa kukokotolea ni shilingi 800,000 kwa mwezi, sawa na 9,600,000 kwa mwaka. Tuufanye mshahara huo kuwa uleule pande zote mbili ili tusichanganye mambo.

Kwa hesabu ya zamani ya PSPF, unagawa kwa 540: miezi 360 kugawa kwa 540 mara 9,600,000, unapata pensheni kamili ya mwaka shilingi 6,400,000. Nusu yake inageuzwa mkupuo kwa kuzidishwa na 15.5. Anaondoka na shilingi 49,600,000 mkononi, na kila mwezi anapokea kama 266,700.

Kwa hesabu ya Julai 2022, unagawa kwa 580. Pensheni kamili ya mwaka inakuwa kama 5,958,600. Asilimia 33 yake inazidishwa na 12.5. Mkupuo ni kama 24,579,000, na pensheni ya mwezi ni kama 332,700.

Mkupuo umepungua shilingi milioni 25 na kidogo. Pensheni ya mwezi imeongezeka shilingi 66,000. Waliokitetea kikokotoo walisema: utapata kidogo mwanzoni, utafidiwa polepole. Haya, tumfidie. Milioni 25 kugawa kwa 66,000 ni miezi 379. Miaka thelathini na moja na nusu. Mwalimu aliyestaafu na miaka 60 atarudisha chake akiwa na miaka 91 na ushee, na hapo sijagusa thamani ya shilingi kushuka.

Lakini asilimia ndiyo iliyomfanyia hivyo? Jaribu kubadilisha asilimia peke yake, ukiacha 580 na 12.5 mahali pake. Mpandishe kutoka 33 hadi 40 kama ilivyofanyika 2024: mkupuo unaongezeka kama milioni 5.2, pensheni inashuka kama 34,800 kwa mwezi. Gawa. Unapata miezi 150, yaani miaka kumi na miwili na nusu kamili. Jaribu asilimia yoyote nyingine, jibu litakuwa hilohilo, kwa sababu ndiyo maana ya ile 12.5: ni idadi ya miaka ambayo mfuko unakununulia kila shilingi ya pensheni unayoiacha. Anayetarajia kuishi zaidi ya miaka 72 na nusu, asilimia ndogo ya mkupuo inamfaa. Anayetaka kujenga nyumba sasa hivi, kubwa ndiyo yake. Ni suala la kupanga, na watu wana haki ya kupanga tofauti.

Kilichomuuma mwalimu ni zile namba mbili ambazo hazikuimbwa na mtu. 540 kuwa 580 kulimpunguzia pensheni yenyewe, kabla hata ya kuigawa. 15.5 kuwa 12.5 kulimpunguzia bei ya kila shilingi aliyoigeuza mkupuo. Ukirudisha asilimia 50 yote kesho ukaziacha hizo mbili, mkupuo wake utakuwa kama milioni 37.2, si 49.6, na pensheni yake ya mwezi itakuwa chini kuliko ile ya zamani. Tuligombania mlango, ukuta ukawa umeshasogezwa.

Niongeze kitu kwa haki ya upande wa pili. Hesabu ya PSPF ilikuwa tamu kwa sababu haikuwa inalipika. Mfuko ule ulirithi watumishi ambao hawakuwa wamechangia kabla ya Julai 1999, ukawa unawalipa pensheni za miaka isiyokuwa na michango, na serikali iliyopaswa kuliziba pengo hilo ilikaa nalo miaka mingi. Hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kwa ajili ya deni hilo ilitoka mwishoni mwa 2021. Na mwanachama wa NSSF kabla ya 2022 tayari alikuwa na 580, na 12.5, na mkupuo wa asilimia 25. Kwake yeye kikokotoo cha 2022 kilikuwa nyongeza ya mkupuo. Ndiyo maana walimu walilia na watu wa viwandani wakawa wanashangaa kilio ni cha nini. Swali la kisheria hapa ni zito na linafaa tasnifu kumi: mtumishi aliyeingia kazini chini ya ahadi ya 540 na akatimiza miaka 25 ana haki gani juu ya miezi aliyokwisha kuifanya? Sitakuficha, ninaamini miezi ile ilikuwa yake tayari, na kanuni mpya ilipaswa kuhesabu miezi mipya tu. Swali hilo lilimezwa na kelele ya asilimia.

Wanafunzi wa sheria tunakimbia hesabu. Ni utani wa madarasani kwetu kwamba tulichagua sheria ili tusionane tena na hisabati. Basi katika hifadhi ya jamii sheria yenyewe ndiyo hisabati. Kifungu kinatoa haki kwa sentensi moja, kisha jedwali la nyuma linaichukua kwa desimali.

Kuna mtu aliyetutangulia kuacha njia ya kesi. Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye utafiti wake uliochapishwa 1986 kuhusu sheria, dola na tabaka la wafanyakazi hadi 1964, alikwenda kwenye nyaraka za serikali ya kikoloni. Huko ndiko manamba wa mashamba ya mkonge wanakoonekana. Hukumu za mahakama za juu zisingekuonyesha mtu wa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Mshahara ulikuja siku zote zikishatiwa alama, na siku ambayo msimamizi hakuridhika na kazi hakukuwa na alama. Sheria ya mabwana na watumishi ya 1923 ilifanya kutoroka kazi kuwa kosa la jinai. Mwajiri akivunja mkataba ni madai, mfanyakazi akivunja ni jela. Halafu kilichowainua makuli wa bandari ya Dar es Salaam kugoma mwaka 1947, mgomo ukasambaa kufuata reli, hakikuwa kesi hata moja.

Mfuko wa akiba wa taifa, NPF, ulianzishwa 1964, mwaka uleule ambao vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa na kuundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wa nchi nzima. Sijui kama waliotunga hayo mawili waliyaweka kwenye mzani mmoja, ila nikiwa mtafiti sipendi kuyasoma kwenye sura mbili tofauti. Ulikuwa mfuko wa akiba tu: unachanga, unatunziwa, unapewa mara moja na riba yake. Mfumuko wa bei wa miaka ya themanini ukaila akiba hiyo wazi mchana. Pensheni ya kila mwezi ilikuja na sheria namba 28 ya 1997, iliyouleta NSSF tunaoujua.

Na pensheni hiyo ina mlango wake: miezi 180 ya michango. Miaka kumi na mitano. Kwa aliyeajiriwa benki akakaa hapo, miezi 180 ni kawaida. Kwa fundi wa ujenzi anayeingia mradi, ukaisha, akakaa nyumbani miezi minane, akaingia mwingine, miezi 180 ni umri wa mtu mzima. Hapa ndipo rafu zile mbili zinapolazimika kusalimiana. Sheria ya kazi ya 2004 ilipotungwa iliweka mikataba ya muda maalumu kwa ajili ya wataalamu na kada ya menejimenti. Wengine walitakiwa wawe na mkataba usio na kikomo, au wa kazi mahususi. Mitaani mkataba wa mwaka mmojammoja ukawaenea walinzi, wafagiaji, vijana wa viwandani. Mwanasheria wa kazi anauliza: je, alikuwa na matarajio halali ya kuongezewa mkataba? Swali zuri, lina kesi nyingi. Hakuna anayeuliza: kati ya mkataba na mkataba, ni miezi mingapi ilipotea kwenye zile 180?

Jaribio la mwaka 2012 la kufuta fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako ukiacha kazi kabla ya kustaafu, lilipigwa kelele zaidi na watu wa migodini, na serikali ikarudi nyuma. Tuliwasikia wasomi wakisema wachimbaji hawaelewi maana ya pensheni. Walielewa vizuri sana. Mgodi una umri wake, kifua cha binadamu chini ya ardhi kina umri wake, na kumwambia mtu wa miaka 34 aliyepunguzwa kazi asubiri fedha zake hadi afike 55 ni kumwambia akale ahadi. Fao la kukosa ajira lililokuja baadaye, theluthi ya mshahara kwa miezi sita, lilikuwa jibu la nusu, na mwenye miezi chini ya 18 hata hilo halimhusu.

Zanzibar ina sheria zake za kazi na mfuko wake, ZSSF, kwa kuwa mambo haya si ya Muungano. Kijana wa Pemba anayehamia Mwanza anabadilisha sheria ya kazi na mfuko kwa siku moja, na sijaona utafiti uliomfuata njiani. Visiwani hukohuko, tangu Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 na kuendelea analipwa pensheni na serikali, awe aliajiriwa au alivua samaki maisha yake yote. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Mvuvi hana slipu, hana miezi 180, hana kesi, na bado yumo. Huku Bara tunaendelea kujadili desimali za walioajiriwa, ambao ni wachache.

Kwa hiyo nimeacha kuhesabu kesi. Ninachokusanya sasa ni karatasi. Natafuta barua za ukokotoaji wa mafao za waliostaafu chini ya PSPF na LAPF kabla ya Julai 2022, niziweke kando ya barua za wenzao waliostaafu baada ya hapo kwa mshahara unaokaribiana. Natafuta pia slipu za mishahara za miaka mitano mfululizo au zaidi, pamoja na taarifa ya michango ya miaka hiyohiyo, ili mstari wa makato ulinganishwe na kilichofika. Kama unazo, au baba yako anazo kabatini, funika jina, funika namba ya uanachama na jina la mwajiri. Tarakimu ziache zilivyo, hata zile zilizoandikwa kwa kalamu pembeni.